Shamba la Mkwajuni lilivyopotea kwenye folda ya muda

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenyeji wa jukwaa hili la teknolojia na mliopita tu kuchungulia.

Uzi huu nimeuandika mara kadhaa nikaufuta. Leo nauacha. Majina ya watu nimeyabadilisha na ofisi siitaji, lakini mengine yote ni kama yalivyotokea. Sina cha kuongeza, na natamani ningekuwa na cha kupunguza.

Msiojua programming msikimbie. Nafundisha vijana kompyuta hapa Bagamoyo, kwa hiyo nimezoea kueleza taratibu, na nitaeleza taratibu.

Niseme kabisa jambo lenyewe ili tusizungushane.

Shangazi yangu alikuwa na shamba Zinga. Ndani yake mna makaburi ya wazazi wake, na pembeni yao kaburi dogo la mtoto wake wa kwanza. Haja yake kubwa iliyobaki hapa duniani ni moja, azikwe pale, ubavuni mwa mwanawe.

Leo makaburi yale yako ndani ya ukuta wa mtu mwingine. Na mlango yaliopitia kutoka kwetu kwenda kwake ulikuwa mstari mmoja wa code.

Tuanze mwanzo.

Shangazi nitamwita Bi Mwanaidi, dada yake marehemu baba. Mjane, mwembamba, mwenye maneno. Ukichelewa kumtembelea halafu ukampa shikamoo, atakuambia, "Marahaba baba, hiyo shikamoo ilikuwa imekwama wapi?"

Shamba lake linaitwa Mkwajuni. Huku kwetu pwani shamba lina jina kama mtu. Limerithiwa na jina lake, na ukisema "naenda Mkwajuni" watu wa Zinga hawakuulizi ni wapi wala ni kwa nani.

Jina hilo naomba mlikumbuke.

Jirani wa upande wa makaburi aliuza eneo lake kwa mtu kutoka nje. Sisi ndugu tukaona ni heri shangazi apime, mpaka uandikwe, apate hati, atulie. Wazo lilikuwa letu, yeye mwenyewe alikuwa anasema mpaka wake anaujua kwa miguu.

Tukampeleka kwenye ofisi moja ya upimaji hapa mjini. Ofisi ndogo, binafsi, wenye sifa nzuri. Nilikuwa na sababu ya kuiamini zaidi, kwa sababu programu yao ya kuchora ramani iliandikwa na kijana niliyemfundisha mwenyewe. Nitamwita Hatibu.

Hatibu ni katika wale wanafunzi ambao mwalimu unapata wachache. Anauliza, anasikiliza, anarudi kesho na swali jingine. Ananiita Ticha mpaka leo.

Sasa nieleze ofisi ile ilivyofanya kazi, maana humo ndimo mambo yalimo.

Wapima wanakwenda shambani na kifaa cha GPS. Kifaa chenyewe ni cha kukodi kutoka Dar. Wanachukua pointi za kila kona ya shamba, wanarudi ofisini, wanazihamishia kwenye kompyuta kubwa moja ambayo wote wanaitumia, kila mtu na akaunti yake. Wakishazihamisha wanasafisha kifaa, kwa sababu kesho kinakwenda kwa mtu mwingine.

Programu ya Hatibu inazipokea zile pointi na kuziweka kwenye folda ya muda. Mpima akimaliza kuswali na kula, anakaa, anabonyeza "Chora". Programu inakwenda kwenye ile folda, inasoma pointi, inatoa ramani.

Kati ya kuweka na kuchora, pale katikati, nambari za shamba la mtu zimekaa peke yake kwenye folda.

Siku Hatibu alipomaliza programu aliniletea niikague. Tulikaa kibandani kwa mama wa vitumbua, laptop katikati ya vikombe. Ilikuwa kazi safi. Nikafurahi, nikasoma, nikafika kwenye mstari huu:

os.makedirs("/tmp/ramani_" + jina_la_shamba, exist_ok=True)

Nikamwambia, "Hatibu, hapa simama."

"Kuna nini Ticha?"

"Hii folda jina lake nani analijua?"

"Kila mtu. Ni jina la shamba."

"Na kama folda yenye jina hilo ipo tayari?"

"Inaitumia hiyohiyo. Ndiyo maana ya exist_ok. Nilikuwa napata error nikaweka hiyo, ikatulia."

Wakuu wa fani mmeshaona. Wengine nipeni nafasi, nitawaeleza kama nilivyomweleza Hatibu.

Kwenye kompyuta za Linux kuna sehemu inaitwa /tmp. Ni ya vitu vya kupita tu, na mtumiaji yeyote wa kompyuta ile anaruhusiwa kuweka chake pale. Ifananishe na jiko la shughuli.

Siku ya shughuli, harusi au hitima, sufuria zinatoka nyumba zote za mtaa. Kila mwenye sufuria ameandika jina lake kwa rangi chini ya kitako, isije ikapotea. Sasa wewe unamwambia mtu, "Nenda jikoni, ipo sufuria imeandikwa Mwanaidi, kama haipo tafuta nyingine uiandike." Anakwenda, anaikuta ipo. Anapika humo.

Hakujiuliza nani ameliandika lile jina.

Kumbe mtu aliamka mapema, akaleta sufuria yake mwenyewe, akaandika jina lako. Chakula ni chako, sufuria ni yake. Na mwenye sufuria ana haki ya kufunua, kutoa, kuongeza na kufunika tena. Wewe ukirudi unapakua, huna habari.

Ndivyo ilivyo kwenye folda. Mtu akijua jina unalokwenda kutumia, anaiunda kabla yako. Programu yako inaikuta, inasema "ipo tayari, vizuri," inaweka vitu vyako humo. Mwenye folda anaweza kufuta faili lako na kuweka lake lenye jina hilohilo.

Hatibu akasema, "Basi niangalie kwanza kama ipo, kama haipo niiunde."

Wengi husema hivyo, na si ujinga. Lakini kati ya kuangalia na kuunda kuna upenyo. Ni mdogo, ila mwenye nia anaupata.

Nikamwonyesha dawa. Kwenye Python, lugha aliyoandikia Hatibu, kuna tempfile.mkdtemp(). Hiyo inaunda folda yenye jina la kubahatisha ambalo hakuna aliyelijua, inakataa kabisa kutumia folda iliyokuwepo, na inaipa ruhusa ya mwenyewe tu. Akaunti nyingine haiwezi hata kuchungulia. Ni sufuria mpya kutoka dukani, ina kufuli, na ufunguo unao wewe mpishi.

Mstari mmoja unatoka, mstari mmoja unaingia.

Hatibu akacheka. "Ticha, ile ofisi watu tunakula sinia moja. Nani atamfanyia nani?"

Nikamwambia weka tu, haitakugharimu kitu. Akaweka palepale, mbele yangu. Tukamaliza vitumbua tukaachana.

Nikadhani jambo limekwisha.

(Narudi, adhana ya Alasiri imeshaadhiniwa.)

Nimerudi. Tuendelee.

Wapima walikwenda Mkwajuni, shangazi akawatembeza kona zote. Aliwapikia hata ugali wa muhogo na samaki. Kona ya makaburi aliwaambia, "Hapa ndipo kwangu, pigeni vizuri." Wakaweka kigingi cha mti nyuma ya makaburi, hatua chache kupita kaburi la mwisho. Nilikuwepo, nilikiona kwa macho yangu.

Baadaye shangazi akaitwa na watu wa ofisi ile kwenye ofisi ya kijiji kutia sahihi ramani. Majirani wa pande nyingine nao waliitwa, kila mmoja akaangalia upande wake, akatia. Ramani yenyewe ni umbo la shamba na jedwali la nambari ndefu. Makaburi hayachorwi. Shangazi akaambiwa weka sahihi hapa bibi, akaweka.

Kisha akaenda Saadani kwenye arobaini ya mkwe wake, akakaa huko na wafiwa. Aliporudi, mafundi walikuwa wameshapanda bikoni za zege, zile alama za mpaka, kwa kufuata ramani.

Akanipigia simu.

"Baba, makaburi yamehama."

"Shangazi, makaburi hayahami."

"Basi njoo uniambie kama ni mimi niliyehama."

Nikaenda. Bikoni ilikuwa upande huu wa makaburi. Kigingi cha mti hakikuwepo, na ardhi ilikuwa imesawazishwa. Baba yake, mama yake, na kale kakaburi kenye mawe ya matumbawe yaliyopangwa duara, vyote viko kule.

Shangazi alikuwa ameketi chini, upande wetu. Hakulia. Alikuwa anang'oa majani yaliyo karibu naye, moja moja, kama mtu anayepalilia mchicha.

Nikampigia Hatibu palepale. Alikuwa ofisini.

Nikamwambia, usimwambie mtu, nenda kwenye ile kompyuta, uangalie folda ya Mkwajuni kama ipo.

"Ipo Ticha. Programu haijafuta kitu tangu siku ya upimaji."

Hapo nikashtuka, kwa sababu ukitumia mkdtemp kusingekuwa na folda yenye jina la Mkwajuni. Ingekuwa na herufi zisizo na maana. Nikamuuliza.

Akanieleza.

Alipoweka ule mstari wangu, ofisi ilinuna. Walikuwa wamezoea, mmoja akienda kuswali mwenzake anafungua folda ya shamba anamsaidia kuendelea. Sasa wanakuta majina ya ajabu, na wakijaribu kufungua wanakataliwa. Mchoraji wao wa ramani akauliza mbele ya watu, wakiwa wamezunguka sinia la wali, "Hatibu, umetufungia nini humo? Umeona hapa kuna wezi?" Wengine wakacheka. Bosi wao akasema, "Rudisha kama zamani bwana. Hapa hatufungiani milango."

"Ticha, nikaona haya. Nikarudisha."

Mimi ni mtu wa pwani pia. Najua uzito wa kuambiwa unawaona wenzako wezi wakati mkono wako uko kwenye sinia moja na mikono yao.

Nikamwambia, andika stat, amri inayoonyesha mwenye folda na saa ilipoundwa, unisomee mwenyewe ni nani.

Alikuwa anatumia simu ya kitochi, ile isiyo na kamera, nasikia vidole vyake kwenye keyboard. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Ticha, mwenye folda si programu."

"Ni nani?"

"Ni akaunti ya mchoraji. Na imeundwa asubuhi, wakati wapima bado wako huko kwenu Zinga."

"Na faili la pointi?"

"La kwake pia. Limeandikwa mchana, kabla ya ramani kuchorwa."

Sufuria ya mtu mwingine, jina letu kwenye kitako.

Nikamwambia Hatibu, usiguse kitu chochote, piga picha hiyo skrini sasa hivi. Akasema simu yenye kamera iko kaunta kwenye chaji. Nikamwambia kaichukue haraka. Akakiacha kitochi juu ya meza, simu haikukatwa, nikawa nasikia chumba.

Nikasikia viatu vya Hatibu vikienda.

Nikasikia viatu vingine vikija.

Ikaja sauti ya Bosi, imetulia kabisa, ya mtu mwema anayepita kusaidia. "Nani kaiacha hii mashine na maandishi meusimeusi? Imeganda tena hii."

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele peke yangu katikati ya shamba, "Bosi usizime, Bosi usizime," mpaka shangazi akainua uso. Kitochi kikiwa mezani hakisikiki.

Kisha nikasikia mlio mmoja mfupi, tii, ule ambao kompyuta inautoa ikianza kuwaka upya.

Mkuu mwenzangu usiyejua, nikueleze kwa nini nilikaa chini. Kompyuta ile ilikuwa inatumia betri za sola, haikuwa inazimika hata umeme ukikatika. Bosi alikuwa anajivunia hilo. Ndiyo maana folda ilibaki muda wote ule. Lakini /tmp kwenye mashine ile, kama kwenye mashine nyingi, inasafishwa kila inapowashwa upya.

Hatibu alirudi na simu yake mkononi. Nikasikia anamuuliza Bosi, taratibu, "Umeizima?"

"Nimeizima nikaiwasha. Iko sawa sasa."

Huku kwetu ndiyo dawa ya kila kitu. TV, redio, simu, printa. Zima, washa. Bosi hakuwa na ubaya wowote, mpaka leo naamini hivyo. Alituua kwa wema.

Folda haikuwepo tena. Kifaa cha GPS kilishasafishwa na kurudi Dar. Pointi halisi za Mkwajuni, zile alizowatembeza shangazi kwa miguu yake, hazipo popote duniani.

Mtaniuliza, na huyo mchoraji? Aliulizwa. Akasema akaunti yake kila mtu anaitumia. Na ni kweli. Password yake ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa pembeni ya skrini, ili akiwa hayupo wenzake wasikwame. Inawezekana ni yeye. Inawezekana ni mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti chake. Ndiyo sababu simtaji, na ndiyo sababu sitapata usingizi mzuri.

Tukaenda kwenye baraza la ardhi. Hatibu alikuja kutoa ushahidi, hakuitwa, alijileta. Nimuombee heri kwa hilo.

Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho. "Kijana, hicho ulichokiona kiko wapi?"

"Kilikuwa kwenye folda ya muda, mzee."

"Ya muda."

"Ndiyo."

"Basi muda wake umekwisha."

Watu wakacheka kidogo. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu, na alikuwa na watu wengi nje wanasubiri. Akamgeukia shangazi, akamsogezea ramani.

"Bibi, sahihi hii ni yako?"

Shangazi akainama akaiangalia. Angeweza kusema hapana. Kuna ndugu walimwambia njiani aseme hapana.

"Ni yangu," akasema.

Ikaisha hapo.

Kuna ngazi nyingine za kwenda, najua, msinitumie PM za kunifundisha sheria. Tumewauliza wanaojua. Wote wanaomba kitu kimoja, kitu kinachoonyesha pointi zilikuwa vingine. Hatuna.

Shaaban iliyopita, shangazi alikwenda kufyeka makaburi kama kila mwaka kabla ya Ramadhani. Ukuta ulikuwa bado haujakamilika. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akamwambia pita bibi, fanya haraka. Akafyeka, akasoma dua yake, akatoka. Mlinzi alimsaidia hata kubeba majani.

Sasa ukuta umekamilika na geti limewekwa. Mlinzi ni mwingine.

Hatibu ameacha code. Yuko Ubena kwa wazazi wake, anafuga kuku. Nampigia, anapokea, tunaongea habari za chanjo ya kideri. Nikigusa kompyuta anasema, "Ticha, ile shughuli si yangu." Hatibu, kama unapita humu: mstari sahihi ulishauandika. Hukushindwa kujua. Ninao vijana wapya darasani na wewe ungekuwa unawafundisha pamoja nami. Kiti chako kipo.

Kwa vijana wanaoanza, niwaachie haya, kwa upole kabisa, maana nawapenda.

Ukihitaji folda ya muda usiitengeneze kwa mkono. Kila lugha ina kifaa chake. Python ni tempfile.TemporaryDirectory, ambayo hata kufuta inakufutia ukimaliza. Kwenye bash ni mktemp -d. Java ina Files.createTempDirectory. Usiunde jina kutokana na kitu ambacho watu wanakijua, jina la mteja, la shamba, tarehe ya leo. Ukiona error inayosema folda ipo tayari, usiizibe mdomo. Ile error ilikuwa inamwambia Hatibu ukweli. Na kitu ambacho ukikipoteza hakirudi, usikiache kikae kwenye /tmp peke yake, hata iwe na kufuli kiasi gani.

Na kama wenzako wanahitaji kusaidiana, wekeni folda ya pamoja inayojulikana, yenye kumbukumbu ya nani kagusa nini. Kusaidiana ni jambo zuri, sikatai.

Haya yote ni mepesi. Nimeyafundisha vipindi vingi, vijana wanayaelewa kabla kengele haijalia. Linalonikatisha tamaa ni lile ambalo sijui kulifundisha.

Juzi nilikwenda kwa shangazi. Akaniambia, "Baba, wewe si mwalimu? Hebu nieleze mimi. Nieleze kama unavyowaeleza hao wanafunzi wako, nijue shamba langu limetokea mlango gani."

Nikamweleza. Ile ya sufuria aliielewa mara moja, akaguna. Nilipomaliza akawa anakunja ncha ya kanga yake.

"Huyo Hatibu alikuwa ameshafunga."

"Alishafunga, shangazi."

"Wakamwambia afungue."

"Ndiyo."

"Akafungua kwa haya."

"Kwa haya, ndiyo."

Akatikisa kichwa, si kwa kulaumu. "Hata mimi siku ile ya sahihi nilitaka kuwaambia, wanangu nisomeeni hizo nambari, na mnionyeshe makaburi yako wapi humu. Maneno yalifika hapa." Akagusa koo. "Nikaona watasema bibi anatuona wezi. Na walikuwa wamekula kwangu."

Mimi nafundisha kompyuta, wakuu. Hiyo haina function.

Nawakaribisha mseme lolote. Aliyewahi kutokewa na jambo kama hili, mwenye ujuzi wa kurudisha vilivyofutika kwenye mashine iliyowashwa upya na kutumika tangu hapo, hata mwenye kunipinga, nitawasoma wote na nitajibu taratibu kama kawaida yangu.

Shaaban inakaribia tena. Jana nilimkuta shangazi uani, ameinamia jiwe, ananoa panga la kufyekea. Akaniuliza kama siku hiyo nitampeleka. Nikasema nitampeleka.

Getini tukifika sijui nitamwambia nini.